Habari Ziwafikie Popote Walipo

Kijana wangu wa mwisho amenitilia katika simu nyimbo elfu mbili za bendi za zamani, na tangu siku hiyo sijamaliza kusikiliza hata wimbo mmoja. Naanza na Sikinde, lakini kabla magitaa hayajakaa sawa nakumbuka kwamba humo humo yumo Marijani Rajab, namkimbilia. Nikifika kwa Marijani nawaona Maquis wamekaa wananisubiri, nawafuata. Na ikifika saa tano usiku nimekibonyezabonyeza kioo kile kama mtu anayechagua nyanya sokoni, kidole kinauma, na muziki wenyewe sijausikia. Mama Zawadi huniuliza kama kuna kitu nimekipoteza ndani ya simu. Namwambia ndiyo, kipo. Akiniuliza ni kitu gani, nashindwa kumjibu kwa sentensi moja, kwa hiyo naomba niwajibu ninyi kwa sentensi nyingi.

Nilikulia Morogoro, mtaa wa Mwembesongo, katika nyumba yenye vyumba sita, familia nne na redio moja. Redio ilikuwa ya baba. Sisemi hivyo kwa sababu ndiye aliyeinunua tu, bali kwa sababu hapakuwa na kiumbe mwingine aliyeruhusiwa kugusa kitufe chake. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, ikawa inavaa vizuri kuliko sisi watoto. Kila ilipokaribia saa mbili usiku, baba aliifunua taratibu kama mtu anayemfunua bibi harusi, akazungusha kitufe cha masafa kwa ncha za vidole viwili huku amezuia pumzi, mpaka mkwaruzo ulipokatika na sauti nzito ikasema kwamba hii ni Radio Tanzania, Dar es Salaam. Hapo ndipo baba alipopumua, na sisi nasi tukapata ruhusa ya kupumua, ingawa kwa utaratibu.

Wanaojua historia husema redio ile ilianza mwaka 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, ikageuzwa kuwa shirika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikaichukua moja kwa moja, ikawa RTD. Baba hakuwa akihesabu hivyo. Yeye alihesabu miaka kwa betri. Betri zilipoanza kuchoka, mtangazaji naye alichoka. Sauti yake ilididimia kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari huku akiteremshwa kisimani. Hapo tulitumwa kuzianika juu ya bati, pamoja na makopa, ili jua lizirudishie nguvu, na mimi niliwekwa chini ya ukuta nihakikishe kwamba hakuna mtoto wa jirani anayezipandia. Nikiulizwa leo niliwahi kufanya kazi gani kabla ya ukarani, jibu la haki ni kwamba nilikuwa mlinzi wa betri, bila mshahara, kwa muda wa miaka saba.

Kabla ya habari zililia ngoma. Zilikuwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona ambaye alikuwa akizipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, na mpaka leo mimi nikisikia kitu chochote kinachofanana na mlio ule, hata kama ni mvua inaangukia ndoo zilizofudikizwa, mgongo wangu hunyooka wenyewe. Baada ya habari yalifuata Mazungumzo Baada ya Habari, na hicho ndicho kipindi kilichotufundisha sisi watoto kukohoa ndani kwa ndani, kwa kuwa aliyekohoa kwa sauti wakati mabeberu wanachambuliwa alihesabiwa kuwa kibaraka wao. Sikuwa naelewa hata nusu ya yaliyosemwa. Nilielewa tu kwamba kuna watu wabaya mbali huko, kwamba wanatuonea, na kwamba sitapewa chai mpaka watakapomalizwa.

Kisha kulikuwa na matangazo ya vifo. Hapa namtaja bibi yangu, mzaa baba, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, na ambaye alianza kulia mara tu aliposikia neno “anasikitika”, kwa hoja kwamba msiba ni msiba na jina la marehemu litajulikana baadaye. Jioni moja alilia robo saa nzima, akajifunga kanga kiunoni na kuagiza maji yatengwe, kabla ya baba kumfafanulia kwamba aliyesikitika safari hiyo alikuwa akitangaza kuchelewa kwa treni. Bibi hakukubali kushindwa. Aliuliza, “Na waliomo ndani ya treni si watu?”

Matangazo yale yalikuwa na adabu yake na mpangilio wake. Kwanza alitajwa anayesikitika, halafu marehemu, halafu jamaa waliotakiwa kupata habari, mmoja mmoja, huyu wa Kilosa, yule wa Mpwapwa, mwingine wa Tukuyu, popote walipo. Nchi nzima ilikuwa ikitandazwa mbele yetu kwa njia ya shangazi za watu. Mimi utaratibu ule haujanitoka. Nikipoteza miwani husimama katikati ya sebule na kutangaza: “Mzee wa nyumba hii anasikitika kutangaza kupotea kwa miwani yake. Habari ziwafikie Mama Zawadi aliyeko jikoni, Zawadi aliyeko Dodoma, na mtu yeyote aliyeikalia, popote alipo.” Mama Zawadi hujibu kutoka jikoni kwamba mazishi ni saa kumi alasiri.

Siwezi kupita bila kuvisema vibwagizo vya matangazo ya biashara, maana hivyo vimeniharibia maisha. Namba ya siri ya benki yangu nimeisahau mara tatu mwaka huu, na msichana wa dirishani sasa ananitazama kama mtu anayejaribu kujiibia mwenyewe; lakini wimbo wa sabuni niliousikia nikiwa darasa la tano ninao wote, pamoja na kicheko cha mama anayefua. Tena wimbo ule tuliuimba kwa bidii zaidi miaka ya mwanzo ya themanini, ambapo sabuni yenyewe ilikuwa haionekani dukani na mama akawa anafulia majani ya mpapai. Redio ilitusifia povu, nasi tukaitikia kwa furaha, huku mashati yetu yakinuka shamba. Leo sabuni zimejaa mpaka barabarani na hakuna hata moja yenye wimbo unaoimbika.

Kuna pia suala la mpira, nalo nitalisema kwa kifupi kwa sababu linaniumiza. Mshindo Mkeyenge na Ahmed Jongo walipokuwa wakitutangazia Simba na Yanga, mpira ulikuwa mchezo wa kasi ya ajabu: mashuti yalikuwa makombora, makipa walikuwa wanaruka kama kanga, na kila dakika mbili tulinusurika. Televisheni ilipoingia Tanzania Bara mwaka 1994, nikaenda kwa jirani kuangalia mechi kwa macho yangu, nikakuta watu wazima wanatembea uwanjani na wengine wanafunga viatu. Nilirudi nyumbani kabla ya mapumziko.

Sasa nije kwenye muziki, ambao ndio ulionikalisha hapa. Kijana wangu hawezi kuelewa kwa nini tulikuwa tunausubiri wimbo. Anadhani tulikuwa wavivu wa kutafuta. Namweleza kwamba bendi, iwe NUTA, iwe Vijana Jazz, iwe Mlimani Park, hao hao Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa inakwenda studio ya redio pale Barabara ya Pugu, ambayo sasa inaitwa Barabara ya Nyerere. Mashairi yalikaguliwa kwanza na wakubwa, kisha wimbo ukarekodiwa kwenye mkanda. Kuhusu santuri, bendi zetu zilizoea kuitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikawa ngumu. Kwa hiyo wimbo uliishi kwenye mkanda, mkanda uliishi kwenye kabati la redio, na ufunguo wa kabati hatukuwa nao. Ukiutaka wimbo, unakaa karibu na redio ya baba yako na unakuwa mtoto mwema.

Sisi wa Morogoro tulikuwa na kiburi cha ziada, kwa kuwa mji wetu ndio uliotoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na redio ilipozipiga bendi hizo tulitembea mtaani kama watu ambao wamezipiga wao. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, baba aliiacha redio wazi, bila kitambaa, kwa siku saba. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Siku ya nane mama aliirudishia kitambaa chake, na maisha yakaendelea.

Utamu wenyewe ulikuja usiku mkubwa, pale ambapo vipindi vya kazi na kilimo vimekwisha, watoto wanadhaniwa wamelala, na mtangazaji ameshusha sauti kama mtu anayeogopa kuwaamsha wa chumba cha pili. Hakusema mengi. Alitaja bendi, akataja mtunzi, akanyamaza, akauacha wimbo utembee kuanzia mwanzo, upite kwenye mashairi ya huzuni ambayo kila mtu anamlalamikia mwenzake, ufike mahali magitaa yanapochangamka na tarumbeta zinapoitikiana, mpaka mwisho wake halali. Na kwa kuwa redio zote za mtaa zilikuwa kwenye kituo kile kile, uliweza kutoka chumbani, ukapita uani, ukaenda msalani na kurudi, usipitwe na neno hata moja, maana kila dirisha lilikukabidhi kwa dirisha linalofuata. Siku hizi nikienda msalani naweka simu mfukoni. Moja ilishaniponyoka.

Baba alikuwa akilala na redio inaimba. Ukijaribu kuizima kwa huruma, huyo mtu aliyekuwa anakoroma kama mashine ya kukoboa mpunga alifumbua jicho moja na kusema, “Mbona umezima? Nasikiliza.” Unaiwasha, anakoroma. Ulipofika wakati wa kufunga matangazo na Wimbo wa Taifa ukapigwa, aliinuka, akasimama wima akiwa na msuli wake, macho yamefumba, akamaliza wimbo wote, kisha akarudi kitandani bila kuamka. Mimi nami nimekuwa hivyo hivyo, ila chombo changu hakina heshima. Nikisinzia kidogo kinajizima katikati ya wimbo na kuniandikia swali kwenye kioo, kama bado nipo na kama bado nasikiliza. RTD haikuwahi kuniuliza swali la namna hiyo hata siku moja. Ilikuwa inaniamini.

Mwaka 1982 nilipata ukarani, nikanunua redio kaseti iliyokwisha kutumika, na kwa mara ya kwanza nikawa na uwezo wa kuiba kutoka kwenye kabati la Barabara ya Pugu. Wizi wenyewe ulihitaji ujasiri. Unakaa na vidole viwili juu ya vitufe viwili, unasubiri wimbo utajwe, unabonyeza vyote kwa pamoja, halafu unaomba dua mambo matatu yasitokee: umeme usikatike, mtangazaji asiingilie kabla ya gitaa la mwisho, na mwenye nyumba asipite akiuliza kodi. Nina wimbo mmoja wa Vijana Jazz ambao baada ya ubeti wa pili anawika jogoo wa jirani. Nimeusikiliza hivyo kwa miaka arobaini. Niliposikia wimbo huo kwenye simu ya kijana, ukapita pale pasipo jogoo, nilimwambia wameukata, airudishe hiyo simu alikoinunua.

Naambiwa niache kulalamika kwa sababu sasa redio ziko nyingi. Ni kweli ziko nyingi. Kutoka Mbagala mpaka Kariakoo dereva wa daladala anazipitia tano, na katika zote tano nakuta watu watatu wanacheka. Sijawahi kukuta kichekesho chenyewe. Huwa nakuta kicheko tu, kimeshakolea, nami nabaki kutazama dirishani kama mgeni aliyechelewa harusini. Wimbo ukianza, mmoja wao anazungumza juu yake. Ukifika mahali magitaa yanataka kuchangamka, unakatwa ili tuambiwe kwamba kwa shilingi mia tano tu mtu anaweza kuwa milionea leo hii. Jina la kituo linatangazwa kwa sauti ya radi kila baada ya dakika mbili, kana kwamba wao wenyewe wanaogopa kusahau wako wapi. Na usiku, saa zile ambazo zamani mtangazaji alinong'ona na kutuachia tarumbeta, sasa anapiga simu mama mmoja kueleza alichokikuta kwenye simu ya mume wake. Abiria wote wananyamaza, wanasikiliza. Nami nasikiliza. Ndicho kinachoniudhi.

Hata hivyo haki itendeke: redio ya zamani nayo iliwahi kunivunjia heshima, na jambo hili nalisema kwa kuwa nisipolisema mimi Mama Zawadi atalisema. Mwanzoni mwa mwaka 1984, nikiwa kapera mwenye kipato, nilijaza kadi ya salamu na kuipeleka posta. Salamu zilikuwa na ustaarabu wake: unajitaja wewe mwenyewe kwa cheo kamili, unawataja unaowasalimu kwa miji yao, halafu unamalizia kwa ujumbe, ambao aghalabu ni methali inayowalenga maadui usiotaka kuwataja. Mimi niliwaweka wazazi mbele kwa ajili ya baraka, nikafuatisha wafanyakazi wenzangu wawili kwa ajili ya kuficha nia, kisha nikawasalimu Mwajuma wa Kilosa, Stella wa Ifakara, na Asha wa Tanga, “ambaye bila yeye sina usingizi”. Ujumbe wangu ulikuwa kwamba subira huvuta heri.

Nilisubiri Machi, nikasubiri Aprili. Kufikia Juni nilikata tamaa na kuamini kwamba kadi imeliwa na panya wa posta. Julai nikakutana na binti mmoja, mpole, mkali, wa familia yenye msimamo, na mwezi Oktoba nikamwoa. Novemba, siku ya Jumapili, baba mkwe alikuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumemaliza pilau, redio iko mezani, mimi mwenyewe ndiye niliyeiongeza sauti ili mzee aburudike. Nikasikia cheo changu. Nikasikia jina langu. Nikanyoosha mkono kuelekea kitufe, lakini mzee akainua kidole na kusema, “Acha, acha, si wewe huyo? Tusikie.” Tukasikia. Mtangazaji wa RTD alikuwa na matamshi safi, hakumeza herufi hata moja. Kilosa ilisikika, Ifakara ikasikika, na alipofika Tanga alipunguza mwendo, akasoma habari ya usingizi wangu kwa hisia, kama mtu anayeniombea.

Baba mkwe alikunywa maji, akaweka bilauri chini, akasema, “Kumbe huku redio inashika vizuri.” Hakuongeza neno. Mke wangu naye hakuongeza neno. Aliinuka, akafungua kifuniko cha nyuma cha redio, akatoa betri zote sita, akaenda kuzianika juani. Zilikaa huko wiki tatu, na zilikuwa mpya.

Miaka arobaini imepita, tuna watoto wanne na wajukuu, na bado akinikuta usiku nimekaa na kioo changu natafuta wimbo, husimama mlangoni na kuuliza kwa upole, “Huna usingizi? Asha hajambo?” Nimejaribu kumweleza kwamba Asha wa Tanga nilimwona mara mbili tu katika maisha yangu, na mara moja kati ya hizo alikuwa ndani ya basi. Husema anaelewa.

Juzi kijana amekuja na furaha. Anasema mikanda ya zamani ya redio ile watu wameanza kuihamishia kwenye intaneti, tena si nyimbo tu, bali hata sauti za vipindi. Nilimkalisha karibu yangu na kuanza kumwagiza: anitafutie ngoma za Mzee Morris, anitafutie Mama na Mwana, simulizi za Deborah Mwenda zilizotufanya tuogope kwenda uani, anitafutie Pwagu na Pwaguzi, anitafutie Klabu Raha Leo na shangwe za ukumbini, na kama inawezekana anitafutie hata mkwaruzo wenyewe, dakika kumi tu, niulalie. Mama Zawadi alikuwa pembeni anachambua mchele, kimya kabisa, kama hayumo.

“Mwanangu,” akasema bila kuinua macho kwenye ungo, “na vipindi vya salamu navyo wameviweka?”

Kijana, ambaye hajui lolote, akasema, “Ngoja niangalie sasa hivi, Mama. Ya mwaka gani?”

Nimemwambia betri ya simu yake imechoka, akaianike.